Kitabu Changu na Kitabu Chenu

Nawasalimu nyote, wa upande huu na wa ng'ambo, mliofunga vibanda mapema ili mje kunisikiliza. Au mje kunitazama, sijui. Mimi ni mtu wa kushuku, nawaambia mapema msije mkashangaa. Hata mwenyekiti wa kikundi chetu cha wachuuzi aliponiambia, "Dada, leo ni zamu yako ya kutoa ushuhuda," nilimuuliza nani amemtuma. Yeye akacheka. Mimi sikucheka.

Sitataja jina la mtu. Wengine mmo humu humu ndani, mnajijua, na naona mmeshaanza kuchezea simu zenu. Tulieni tu. Sijaja kugombana.

Mimi nimezaliwa Busia upande wa Kenya, nikaolewa Mwello, kule Tororo. Kazi yangu mnaijua: chai na chapati, hapa Busia upande wa Uganda, pale malori yanapopanga foleni. Siku za kazi nalala mjini, kwenye chumba cha kupanga. Ijumaa napanda boda nakwenda Mwello kwa wanangu watatu, wanaokaa na mama mkwe wangu. Ndivyo tulivyopatana na mume wangu, naye alikuwa mpakiaji wa mizigo hapa hapa mpakani.

Mume wangu aliugua tumbo. Vidonda. Mtu wa kubeba magunia hana siku ya kulala, kwa hiyo alikuwa anameza dawa za duka na kusema kesho atakuwa sawa. Siku moja akatapika damu. Tukamkimbiza hospitali, hakurudi. Tukamzika kwao, nikakaa matanga, halafu nikarudi kwenye sufuria yangu, kwa sababu watoto hawashibi machozi.

Sasa kuna fundi mmoja, mtu wa Iyolwa. Nitamwita Fundi, basi. Huyu alianza kuja kibandani kwangu hata kabla ya msiba. Anaagiza chai moja, anakaa nayo mpaka inashika utando, na magotini ana kipande cha ubao na karatasi juu yake. Anainua macho, anakutazama, anainama, anakwaruza. Anainua tena. Nyie mnajua mpakani hapa mtu anayetazama watu namna hiyo ni nani. Nikasema, huyu ni mtu wa ushuru. Nikamwangalia viatu, maana watu wa ushuru wanajulikana kwa viatu. Vyake vilikuwa vimepasuka mbele. Nikasema, ehe, basi ni mjanja zaidi, amevaa vya kujifichia.

Nikamwendea. "Bwana, unaandika nini hapa kwangu?"

"Siandiki, nyabo. Nachora tu." Nyabo, yaani bibi, kwa adabu zote.

"Unamchorea nani?"

Akanigeuzia ile karatasi. Ilikuwa imegawanywa vyumba vyumba, na ndani ya kila chumba kulikuwa na wale madereva wangu, mmoja anapuliza chai, mwingine amelala mdomo wazi. Nikacheka bila kupenda. Kumbe alikuwa anatengeneza vile vitabu vya katuni mnavyoviona sokoni, vinavyouzwa pamoja na pipi na sindano. Zamani alikuwa anapaka mabango ya maduka kule Tororo mjini. Mashine za kuchapa mabango zikaja, zikala kazi yake. Akabaki na mkono wake na kalamu.

Alikuwa ananieleza kazi yake, nami nasikiliza huku nimelitazama sanduku la hela, kwa sababu mtu akikupigia hadithi tamu angalia mkono wake. Aliniambia maneno haweki, au anaweka machache sana. Soko hili lina Wasamia, Wapadhola, Wateso, Wajaluo, na madereva wanaotoka hata sijui wapi. "Nikiandika lugha moja," akasema, "nimefukuza wateja wote wa zile nyingine." Kwa hiyo kila kitu kinasemwa na uso na mkono. Nyusi moja ikipanda kidogo tu, mtu mwema anakuwa mwizi. Aliwahi kufuta nyusi ya mtu mpaka karatasi ikatoboka.

Halafu akanionyesha ule ufito mweupe ulioko kati ya picha na picha. "Hapa," akasema, "mimi sichori kitu. Hapa msomaji ndiye anachora, kichwani mwake."

Nikamwambia, "Bwana, hapo umewaachia watu mlango wazi."

"Nyabo, huo ndio utamu wake."

Utamu! Ningejua.

Mume wangu alipofariki, Fundi alikuja kunipa pole. Akakaa muda mrefu bila kuchora, jambo ambalo lilinipa wasiwasi. Mwishowe akaniuliza kama naweza kumruhusu atengeneze kitabu juu ya mwanamke muuza chai aliyefiwa na mumewe, akaanguka, akasimama tena. Nikamuuliza yeye anafaidika nini. Akasema watu wengi wa soko hili wamefiwa na hawajawahi kujiona kwenye picha. Nikalala na neno hilo. Asubuhi nikakubali, lakini kwa masharti. Asiandike jina langu, na mume wangu asimchore amelala kama gunia. Amchore mtu.

Akachora. Nikagombana naye jambo moja tu. Wakati ule kichwa changu kilikuwa kimenyolewa, desturi ya matanga mnaijua, na yeye kwenye picha za jikoni akanichora hivyo hivyo, kipara kinang'aa. Nikamwambia nifunike kitambaa, unaniaibisha. Akasema, "Mtu akiwa jikoni mwake hafungi kitambaa, nyabo." Nikanung'unika, nikaacha.

Kitabu kilipotoka aliniletea nakala ya kwanza mkononi. Ni karatasi mbili tu, kila moja imekunjwa katikati, moja imelala ndani ya nyingine, pini mbili mgongoni. Nikakifungua. Kwanza mume na mke wanazozana juu ya paa linalovuja, mke amesuka nywele, amenyoosha kidole, kama tulivyokuwa tukizozana kweli. Halafu mume anashika tumbo. Halafu mazishi. Halafu yule mwanamke yuko jikoni amenyolewa, wageni wa pole wamekuja, mmoja amesema jambo la kuchekesha, naye anamimina sukari kwenye kikombe, ile sukari ya dukani ya kufungwa kwenye kipande cha karatasi, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. Mgeni mwenyewe humwoni. Chumba cha picha kilikuwa kidogo, kwa hiyo Fundi alichora mkono tu unapokea kikombe. Mwisho, kibanda chake kimejaa watu.

Nililia, ndugu zangu. Nikakitia kwenye mkoba wangu, na nikawa nakwenda nacho kila mahali.

Wiki ile ile mambo yakaanza kuharibika.

Dereva mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akaja na chupa yake ya chai kutoka nyumbani, akakaa kwenye benchi langu akainywa. Nikasema labda daktari amemkataza. Wa pili akaagiza, nikamletea, akakisukuma kikombe kuelekea kwangu. "Nyabo, onja kwanza." Kwa pombe ya kienyeji sawa, mwenye nyumba anaonja mbele ya wageni ili wanywe kwa amani, hiyo tumezaliwa nayo. Lakini chai ya barabarani? Jamani! Nikaonja. Wa tatu naye, onja kwanza. Ilipofika saa sita tumbo langu limejaa chai ya wateja mpaka nasikia inacheza nikitembea. Wengine waliona ni mzaha. Mimi niliona macho yao, na macho hayakuwa na mzaha.

Akina mama niliozoea kuchota nao maji wakawa wananyamaza nikifika. Nyie mnajua ule unyamavu. Mtu anaanza ghafla kuulizia bei ya nyanya.

Nikakimbilia Mwello Ijumaa nikapumzike. Kumbe nakimbilia motoni. Nilikuwa nimewabebea wanangu mandazi. Binti yangu mkubwa akapokea lake kwa mikono miwili, akasema asante mama, akazunguka nyuma ya nyumba. Nikamfuata polepole, si nimewaambia mimi ni mtu wa kushuku? Nikamkuta amelimega lile andazi, amewatupia kuku. Halafu akachuchumaa pale, akawa anawatazama wale kuku.

Alikuwa anangoja wafe.

Nawaambia, nimefiwa na mume, lakini siku ile ya kuku ndiyo iliyonivunja. Nilikaa chini pale pale kwenye majani. Mtoto aliponiona akakimbia kwa shangazi yake.

Nikamwendea huyo wifi yangu. "Wifi, mmewaambia nini watoto wangu?"

"Sisi? Si kitabu chako ndicho kimesema?"

"Kitabu gani?"

"Hicho umejitengenezea na huyo bwana wako wa kuchora. Kila mtu amesoma."

"Hata mimi nimesoma," nikamwambia. "Ni kizuri sana. Nililia."

Wifi akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mama! Njoo usikie! Anasema ni kizuri!"

Nilirudi mjini nikakitoa kile kitabu, nikakisoma mbele nyuma. Nikakipindua. Nikakiinua juani nione kama kuna kitu kimefichwa ndani ya wino. Hakuna. Mwanamke anafiwa, mwanamke anasimama. Nikasema, basi hawa watu wanataka shamba la mume wangu, wanatafuta sababu. Nikamshuku wifi, nikamshuku shemeji, nikamshuku hata Fundi mwenyewe, kwamba amelipwa. Na Fundi, nilipomuuliza, akaapa hajui lolote, na ule uso wake wa kuapa ndio ulionizidishia wasiwasi. Mtu anayejua kuchora kila uso, atashindwaje kutengeneza wa kwake?

Haikuchukua muda, nikaitwa kwenye kikao cha ukoo. Jumapili, baada ya kanisa. Shemeji yangu mkubwa alinipigia simu, na akasema wazi jambo lenyewe: mimi nirudi kwa wazazi wangu ng'ambo, watoto wabaki Mwello, na nisiwaletee tena chakula wala kulala nao nyumba moja. Nisikie uamuzi, nisaini, niende.

Nilikwenda. Nimevaa gauni langu la kanisani, kitabu kiko mkobani, kwa maana nilisema wakinitukana nitakitoa, nitawaonyesha jinsi ndugu yao alivyochorwa kwa heshima. Wamekaa uani, wazee upande mmoja, akina mama upande mwingine, mama mkwe wangu kwenye mkeka na miguu ameinyoosha. Wanangu walikuwa wamepelekwa kwa jirani. Mimi nikapewa kiti cha peke yake.

Walizungumza kwa lugha yao, ambayo mimi naisikia vizuri, ila nyie nawasimulia kwa Kiswahili. Mzee mmoja akafungua na ile methali ya watu wasio na ushahidi: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Nikasema moyoni, haya, tumeanza.

Shemeji akasimama na nakala yake ya kitabu. Akakiinua juu, anafungua ukurasa mmoja mmoja na kuwaonyesha wote, kama mwalimu wa shule ya Jumapili. "Hapa wanagombana. Mnaona kidole chake?" Wakaguna. Akafungua. "Hapa anamtilia. Mnaona unga kwenye karatasi? Mnaona anavyocheka?" Wakaguna zaidi. "Na huu mkono unapokea kikombe, mkono wa nani huu?" Mama mmoja akajifunika uso kwa kanga. Akafungua. "Hapa ndugu yetu ameshika tumbo." Akafungua. "Hapa tunamzika." Akafikia mwisho. "Na hapa, mwanamke anafurahia biashara."

Ndugu zangu, nitawaambia ukweli. Nilipokuwa nimekaa kwenye kile kiti nikitazama kurasa zile zinapita, hata mimi nilimshuku yule mwanamke. Nilisema, huyu amemuua mumewe huyu! Ilikuwa sura yangu.

Halafu nikashtuka. Ngoja kwanza. Huyu anacheka kabla ya mazishi? Kwangu alicheka baada ya mazishi.

Nikasimama bila ruhusa. "Shemeji, kitabu chako sicho."

"Sicho vipi? Nimenunua sokoni!"

"Changu si hivyo." Nikakitoa mkobani, nikawafungulia. Paa, tumbo, mazishi, sukari, kibanda. Wakakodoa macho. Lakini wifi yangu, ambaye kwa kushuku tunatoshana, akaruka: "Amekwenda kutengenezewa kingine! Kikulacho ki nguoni mwako!" Na wote wakaanza kusema kwa pamoja.

Hapo nikaona paa na kibanda viko mahali pake kwenye vitabu vyote viwili, ni karatasi ya ndani tu iliyogeuka. Lakini nikikigusa kitabu cha shemeji watasema nimekiroga. Nikarudi nyuma, nikaweka mikono mgongoni. "Shemeji, sitashika kitu. Kishike wewe mwenyewe. Zing'oe hizo pini mbili."

Akasita. Mzee akamwambia ng'oa. Akang'oa kwa ukucha. Zikatoka karatasi mbili.

"Ile ya nje iache. Ile ya ndani, ikunje kwa upande wake wa pili. Iliyo ndani iwe nje."

Akaikunja. Akairudisha ndani ya mwenzake. Akafungua, safari hii kimya kimya, na wazee wawili wameinama juu ya mabega yake. Paa. Tumbo. Mazishi. Sukari. Kibanda. Karatasi zile zile, picha zile zile. Wengine waliokuja na nakala zao nao wakaanza kung'oa pini, ua mzima unakunja na kukunjua karatasi. Kitabu changu na kitabu chao vikawa kimoja.

Nilidhani nimepona. Wapi! Yule mzee wa methali akasafisha koo. "Sawa. Lakini ipi ndiyo sahihi? Labda hiki cha kwetu ndicho kilikunjwa vizuri, na chako ndicho kilikosewa."

Na kweli, ningesema nini? Kurasa hazikuwa na namba. Fundi alikuwa anasema namba zinaharibu uzuri wa picha. Nikaona wanangu wamekwenda hivyo hivyo, kwa sababu ya karatasi.

Mama mkwe wangu alikuwa hajasema neno tangu tukae. Hajui kusoma, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amempa kitabu akitazame, walikuwa wamemsimulia tu. Akanyoosha mkono. "Nileteeni."

Akaviweka viwili kwenye mapaja yake. Akawa anapitisha kidole juu ya picha, moja moja, hana haraka. Akafika kwenye ile ya sukari. Akakisogeza karibu na macho.

"Huyu mwanamke amenyolewa," akasema.

Akarudisha kidole kwenye picha ya kwanza.

"Hapa kwenye ugomvi amesuka. Hapa anapotia hiki kitu amenyolewa." Akainua uso. "Ni nani kati yenu amewahi kuona mwanamke ananyolewa kichwa na mumewe bado yuko hai? Kichwa hiki mimi ndiye nilikinyoa. Kwa wembe wangu, baada ya kuzika. Hapa mwanangu alikuwa ameshalala kaburini. Atatiliwaje sumu?"

Kila mtu akarudi kwenye karatasi yake kutafuta kile kichwa. Kilikuwa pale tangu mwanzo, kipara kinang'aa. Wote walikuwa wamekodolea ule mkono wenye unga, hakuna aliyekuwa ameutazama uso mpaka juu.

Nilitegemea mama atanigeukia anikumbatie, kama inavyokuwa kwenye hadithi. Hakunigeukia. Aliviweka vile vitabu chini, akaanza kulia, kilio kile cha siku ya kwanza. "Basi mwanangu alikufa tu," akasema. "Alikufa tu." Hapo nikaelewa. Siku zote zile alikuwa na mtu wa kumlaumu, na hiyo ilikuwa inamshikilia kidogo. Sasa nimemnyang'anya hata huyo. Nikaenda nikakaa naye mkekani, tukalia wawili, na kikao kikavunjika bila mtu kukifunga. Hakuna aliyenitaka nisaini kitu.

Jioni ile alinifuata jikoni. Akakaa kwenye kigoda. Akaniuliza, "Mwanangu, alikufaje? Niambie wewe." Nikamwambia yote, tangu dawa za duka, tangu usiku aliokataa kwenda zahanati kwa kuwa lori la simenti lilikuwa linaingia asubuhi. Alitaka kujua hata alikuwa amevaa shati gani. Nikamwambia. Na binti yangu akaja akasimama mlangoni, akasikiliza, akaingia, akaketi. Hakula kitu siku ile. Ilichukua majuma. Siku alipoliuma andazi mbele yangu nilijifanya natafuta chumvi.

Na Fundi? Nilipompelekea habari alikaa chini barabarani. Akakumbuka siku ile: mvua ilikuwa kubwa, umeme umekatika pale wanapotoa fotokopi, mwenye duka anataka kufunga, na yeye anakunja harakaharaka kwa mwanga wa simu yake. Furushi zima la karatasi za ndani akaligeuza. Lile furushi ndilo lililokwenda Mwello na Busia pande zote mbili. Nakala yangu ilikuwa imekunjwa kabla. Akasema hatachora tena maishani mwake. Nikamwambia, "Ukiacha sasa, watasema kweli tulikuwa na jambo letu. Kaa uchore."

Akakichora kitabu upya, na sasa kila ukurasa una namba kubwa kama ya gari. Na kitabu hakitoki mpaka kipite kwangu. Mimi sijui kuchora hata yai. Lakini najua kusoma kwa jicho baya. Ananiletea karatasi, mimi najifanya wifi. "Huyu bwana anaingia mlangoni, kwa nini mkono mmoja hauonekani? Ameshika nini?" Anaurudisha mkono. "Huyu mtoto na huyu mzee, nani anayemkimbia mwenzake?" Anafuta, anachora tena, ananuna. Ule ufito mweupe haujaondoka, hauwezi kuondoka, kazi yenyewe ndivyo ilivyo. Lakini angalau najua watu watatia nini pale, kwa maana walishatia sumu ambayo sikuwahi kuinunua.

Siku ya Jumamosi tunakunja pamoja, kibandani kwangu, na madereva wanasaidia, na kila kitabu nakifungua mwenyewe kabla sijakitia pini. Fundi anasema namchelewesha. Acha achelewe.

Sasa niwashukuru nikae. Nawashukuru kikundi hiki mlionipokea wakati biashara yangu ilikuwa imelala. Namshukuru dada mmoja hapa, sitamtaja, ambaye siku zote zile alikuwa anakunywa chai yangu bila kuniambia nionje. Nilimshuku naye, nikadhani anataka kitu, naomba anisamehe. Namshukuru Mungu. Namshukuru Fundi, ingawa ananipa presha. Na namshukuru mama mkwe wangu, kwa kile kichwa alichokiona, na zaidi kwa lile swali la jikoni.

Maana, wapendwa, fundisho langu ni hilo hilo. Msiache kushuku. Mimi mwenyewe sitaacha, mpakani hapa ukiacha utauziwa mawe kwenye gunia la mchele. Lakini ukimshuku mtu, usiende kwa jirani yake. Nenda kwake ukamuulize. Akikudanganya, basi angalau umedanganywa na mwenyewe. Siku zile zote mimi nilikuwa pale pale kwenye foleni ya malori, tangu alfajiri, kila mtu ananiona. Mlipita. Mlinisalimia vizuri sana. Wengine mlikuwa na kile kitabu mfukoni. Na katika soko zima la pande mbili, aliyeniuliza ni mmoja, na ni yule aliyefiwa na mtoto.

Nimesimama hapa. Mwenye swali aulize.